Kabla Bibi Hajaolewa

"Wazee hawapati Ukimwi bwana! Damu yao imeshapoa."

Jirani alisema hivyo bombani, wanawake wakacheka. Kidomo, msichana wa darasa la sita aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuuliza, hakucheka. Muuguzi aliyekuja shuleni alisema virusi havichagui umri. Na Bibi yake, aliyefiwa na mume zamani, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi na fundi saa, mzee aliyefiwa na mke.

Maneno yale yalimganda kichwani hata akichambua mchele. Jioni akajikaza.

"Bibi, mmeshapima Ukimwi?"

Bibi aliacha kupiga pasi. "Mimi sizai tena, kinga ya nini? Hayo ni ya vijana. Humwoni mzee wa watu alivyonawiri?"

Fundi saa, aliyekuja kusalimia, akacheka mlangoni. "Mjukuu wangu, mimi hata mafua siyajui!"

"Lakini Babu, nilipokuletea saa ya mama nikasema ni nzima maana inang'aa, ulikataa kusema lolote mpaka uifungue."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya, huyu mtoto kanibana. Kesho twende zahanati, mama."

Bibi alikutwa salama. Fundi alikutwa na virusi. Alikuja kusema mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kiti.

"Ukiniacha sitakulaumu."

Bibi alimmiminia chai. "Umeanza dawa?"

"Leo."

"Basi kunywa chai, inapoa."

Harusi iliahirishwa mpaka dawa zipunguze virusi, haikuvunjwa. Muuguzi aliwaeleza: dawa kila siku bila kuruka, kondomu kila mara, na Bibi arudi kupima tena.

"Ungeona aibu kuniuliza," Bibi alimwambia Kidomo, "ningeingia nyumba ile gizani. Kujua ndiko kulikoniokoa, si umri wangu."

Asubuhi alibeba ndoo mwenyewe hadi bombani, akawaambia wale waliocheka:

"Msidhani mvi ni kinga.

Msioane kabla ya kupima wote wawili.

Msiache kondomu eti kwa kuwa hamzai tena.

Msichangie nyembe wala sindano.

Msimpime mtu kwa macho, mkasema huyu mzima.

Msimtenge mwenye virusi.

Na mtoto akiuliza, msimfukuze."