Kioo Nyuma ya Kabati

Mtu anayetembea kinyumenyume siku ya gulio ana mawili: ama ametoroka nyumbani, ama ametorokwa na akili. Hivyo ndivyo Binti Tanuri alivyoamini mpaka asubuhi ile, mgongo wa mwanamume mrefu ulipolikumba sinia lake, na mikate iliyotoka motoni muda si mrefu ikatawanyika kwenye vumbi la varanda, katikati ya miguu ya wauza vitunguu.

"Macho umeyaacha nyumbani?" akauliza.

"Samahani, dada. Nilikuwa napima."

"Unapima na mgongo?"

Mwanamume akageuka. Shati la bluu lililonyooka kwa pasi, penseli sikioni, futi kamba ya chuma mkononi. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba radhi hata akiwa amelala. "Napima varanda yote, toka kwa kinyozi mpaka kwako. Zilibaki hatua chache tu."

"Kumbe mikate ndiyo yenye makosa. Haikukupisha."

Akacheka, akainama, akaokota mmoja mmoja, akalipia yote. Mkate mmoja akaupulizia vumbi na kuuma pale pale, mbele ya watu. Shangazi yake Binti Tanuri, aliyekuwa amekaa kwenye meza ya malipo kama hakimu, akavua miwani ili aone vizuri.

"Mwanaume anayekula vumbi ili akuridhishe," Shangazi akamnong'oneza mpwa wake, "huyo mtazame mara mbili."

Siku hiyo hiyo akabatizwa jina la Bwana Futi.

Alikuwa mchoraji wa majengo, ameletwa na halmashauri ya mji. Safu ile ya maduka ya zamani, yenye nguzo za mbao na varanda ndefu iliyowapa kivuli watu wa vijijini kila gulio, ilikuwa inasubiri hukumu. Halmashauri ilipaswa kuamua: ihifadhiwe kama urithi wa mji, au ibomolewe ili tajiri mmoja ajenge ghorofa la maduka. "Kukuza uchumi wetu," alisema mwenyekiti. Kikao kilikuwa bado, lakini kibao chenye picha ya ghorofa lenyewe kilikuwa kimeshasimikwa mbele ya duka la fundi saa. Watu hawajaulizwa, tayari wamechorewa. Kama hiyo si dharau, basi neno hilo lifutwe lisitumike tena.

Kwa Binti Tanuri jambo lilikuwa wazi. Tanuri la matofali alilolijenga babu yake halihamishiki. Likibomolewa, hana kazi, na Shangazi hana pa kukaa, maana vyumba vyao vilikuwa nyuma ya tanuri hilo hilo. Na mwenye duka ndani ya ghorofa hawezi kuwa muuza mikate. Hilo halikuhitaji mtaalamu.

"Nionyeshe nyufa zote," Bwana Futi alimwambia siku aliyoingia kupima ndani.

"Nikuonyeshe maradhi ya nyumba yangu uende ukayatangaze?"

"Jengo unalolipenda unalichora na maradhi yake. Daktari gani anaandika mgonjwa ni mzima ili kumfurahisha?"

Akamwonyesha. Wa dirishani, wa mlangoni, wa juu ya tanuri. Wa mwisho ulikuwa nyuma ya kabati la unga, ufa mpana kuliko yote, ambao hata Shangazi hakuwa akiutaja kwa sauti. Walilisogeza kabati bega kwa bega, wakitweta, na Binti Tanuri akagundua kwamba bega lile lilinukia sabuni na penseli.

Juu ya kila ufa, Bwana Futi akabandika kwa saruji kipande chembamba cha kioo, ncha moja huku, ncha nyingine kule, akaandika tarehe kwa wino mweusi.

"Haya mapambo ni ya nini?"

"Kioo hakijui kupinda. Ukuta ukisogea hata unywele mmoja, kinavunjika. Kikimaliza masika kikiwa kizima, ujue ufa ni kovu, si kidonda."

Mvua zikaanza, na simu nazo.

"Vioo vyangu havijambo?"

"Ninavyoviona ni vizima. Cha nyuma ya kabati sikioni, na silisogezi peke yangu. Kwani unapigia vioo tu?"

"Napigia vioo kwa sababu naogopa kumuulizia mwenye vioo."

"Uoga wa nini, na futi unayo? Njoo upime."

"Nikija Shangazi atanitoza mkate kila nikikohoa."

"Basi usikohoe, mpenzi."

Neno lile lilimtoka bila kuaga. Upande wa pili Bwana Futi akakohoa makusudi, mara mbili. Binti Tanuri alicheka mpaka unga ukamwingia puani. Masika yalipokwisha hakuna aliyekuwa akiulizia vioo tena, ingawa vile vya kuonekana vilikuwepo, vizima, vikifutwa vumbi kila asubuhi kwa ncha ya khanga.

Siku ya kikao alivaa gauni la manjano na viatu vya kwenda harusini. Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Kinyozi alikuwepo, fundi saa, mshona magodoro, safu nzima. Bwana Futi alikaa mbele na karatasi zake, akamtupia Binti Tanuri jicho moja la haraka, na moyo wake ukatulia. Mtu wao yuko mbele.

Mwenyekiti akasimama ndani ya suti ya kijivu iliyombana tumboni. Akasema mji usioangusha cha zamani hauinui kipya. Halafu akaichukua michoro, akainyanyua juu.

"Si maneno yangu haya. Mtaalamu wetu mwenyewe kachora. Ufa. Ufa. Ufa. Na huu hapa, waheshimiwa, umefichwa nyuma ya kabati. Watu wanauziwa mikate ndani ya kaburi." Akamgeukia Bwana Futi. "Nyufa zipo au hazipo?"

"Zipo, mheshimiwa, lakini zimepimwa kwa..."

"Umeshajibu. Kaa."

Na akakaa.

Binti Tanuri alingoja ainuke. Hakuinuka. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama yeye sasa, mwenye kaburi la mikate. Siri ya ukuta wake, aliyomwonyesha mtu mmoja tu duniani, ilikuwa inapungwa hewani kama bendera. Akatoka nje kabla machozi hayajamwaibisha. Neno "zipo" angeweza kulisamehe, kwa kuwa zilikuwepo kweli. Lililomchoma ni lile la kukaa.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alichukua koleo la mti la kutolea mikate, akalishika kinyume, akaanza na kioo cha dirishani. Kikalia. Akaenda cha mlangoni. Akapanda kiti, akakifuata cha juu ya tanuri. "Futi zako," alikuwa akisema, "na makovu yako, na sabuni yako." Alipofika kwenye kabati alilisukuma, likagoma, maana lilikuwa limejaa unga. Akalipiga teke. Kabati likatikisika likabaki pale pale, yeye akaumia kidole gumba.

Simu ililia jioni nzima. Mwishowe Shangazi akaipokea.

"Yupo. Hataki. Ndiyo, sana. Hapana, usije." Akatazama mpwa wake aliyechovya mguu kwenye beseni. "Njoo."

Alikuja asubuhi, foleni ikiwa imekwisha.

"Ulikaa," Binti Tanuri akamwambia kabla ya salamu.

"Niliambiwa nikae."

"Na ukiambiwa uruke? Nilikupa ukuta wangu ukauache mikononi mwa yule mtu, halafu ukae? Ungesema neno moja tu ukafukuzwa, ningekupikia mpaka ufe."

"Nilidhani nikibishana atanitoa nje, na nani atabaki mwenye ushahidi? Ulipotoka, yule diwani aliyekuwa muuguzi akataka wote waje kujionea kabla ya kura. Wamekubali. Wanakuja kesho. Nitawaonyesha vioo, mpenzi. Masika yote vizima. Vioo havikatizwi maneno." Akageukia dirishani akitabasamu, na tabasamu likamfia usoni. Akaenda mlangoni. Akatazama juu ya tanuri. "Ukuta umetembea?"

"Ukuta haujatembea," Binti Tanuri akasema polepole. "Nimetembea mimi. Na koleo."

Bwana Futi akajikalisha kwenye gunia la unga.

"Hukuweza hata kuniuliza?"

"Na wewe hukuweza kusimama? Tusitafute nani kamzidi mwenzake."

Bwana Futi alikuwa na haki ya kukasirika yeye pia, na alikasirika. Mishipa ya shingo ilimtoka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Shangazi alikuwa akipanga mikate kwa utulivu wa mtu anayesikiliza kila neno.

"Na cha nyuma ya kabati?" akauliza Bwana Futi.

"Sijui. Nililipiga teke tu."

Wote watatu wakalitazama kabati. Ufa ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Binti Tanuri akasogea alishike, na Bwana Futi akamzuia mkono.

"Usiliguse. Tukilisogeza leo watasema tumebandika leo. Walisogeze wenyewe."

"Na kikiwa kimevunjika?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na tutaanguka pamoja. Lakini sitakaa."

Siku iliyofuata madiwani walijaa dukani mpaka joto la tanuri likawa halihitajiki. Mwenyekiti hakupoteza muda. Alikiona kioo cha dirishani, akacheka kwa furaha ya wazi.

"Tazameni. Nasikia vioo hivi ni vya kuonyesha kama ukuta unasogea. Hiki kimevunjika. Na kile. Na kile. Mtaalamu, mtego wako umekunasa mwenyewe."

"Mheshimiwa, vioo hivi vilimaliza masika vikiwa..."

"Kaa."

"Hakuna kiti, mheshimiwa," akasema Bwana Futi. "Na hata kingekuwepo, nisingekaa."

Binti Tanuri akapenya katikati ya madiwani.

"Nimevivunja mimi," akasema.

"Wewe?" akauliza mwenyekiti. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nampenda huyu bwana, na wewe ulimwambia akae, naye akakaa."

Kinyozi, aliyekuwa akichungulia dirishani, alikohoa kuficha kicheko akashindwa. Lakini Binti Tanuri alikuwa hajamaliza, na hasira aliyokuwa ameimwaga kwenye vioo sasa ilikuwa imempata anayeistahili.

"Nimekosa, nimesema mbele ya watu. Sasa na wewe sema. Kibao kile pale nje nani alikisimika kabla ya kura? Unasema uchumi. Sisi ni nini, mapambo? Gulio zima linakaa kwenye varanda hii. Mtu anatoka kijijini, ananyolewa hapa, saa yake inatengenezwa pale, anakula mkate wangu anarudi kwao. Kwenye ghorofa lako nani kati yetu atapewa hata ngazi ya kukalia? Hayo si maendeleo, mheshimiwa. Huko ni kuhamishwa tu, na jina zuri juu yake."

"Hasira si ushahidi," akasema mwenyekiti. "Na ushahidi umeuvunja."

"Bado kimoja," akasema Shangazi toka kwenye meza ya malipo. "Ule ufa wa kaburi. Au mheshimiwa hapendi tena kuutazama?"

Madiwani wanne walilishika kabati. Lilipiga kelele sakafuni, vumbi la unga likapanda, buibui mmoja akakimbia kwa hasira yake mwenyewe. Diwani muuguzi akawasha tochi ya simu, akapiga magoti. Binti Tanuri hakuweza kutazama. Alitazama mkono wa Bwana Futi, ambao haukuwa mkononi mwake dakika moja iliyopita, na sasa ulikuwepo.

"Utando wa buibui," muuguzi akasoma kwa sauti, kama anayesoma hali ya mgonjwa. "Tarehe ya kabla ya masika. Kioo." Akapitisha kidole juu yake, toka ncha hii mpaka ile. "Kizima."

"Kioo kimoja si kitu," akasema mwenyekiti.

"Mgonjwa ana moyo mmoja tu, mheshimiwa, na ndio tunaousikiliza."

Kura ilipigwa mchana ule. Safu ikapitishwa kuwa urithi wa mji, haibomolewi wala haiuzwi, na mwenyekiti akatoka bila kumpa mtu mkono. Kibao cha ghorofa hakuna aliyekuja kukichukua. Fundi saa aliking'oa, akazibia tundu la paa lake, picha ikitazama chini, ili akiinua macho aione na kucheka.

Bwana Futi hakupewa tena kazi na halmashauri. Barua ilisema huduma zake hazihitajiki, na ilikuja upesi kuliko barua yoyote iliyowahi kutoka ofisi ile. Binti Tanuri aliisoma, akaitia tanurini, mikate ikaiva vizuri.

Gulio lililofuata alimkuta kwenye foleni, shati lile lile la bluu, futi mfukoni, na kifurushi kidogo cha vioo vipya.

"Nimekuja kubandika vingine," akasema. "Wenye maduka wamenipa kazi ya matengenezo."

"Bandika. Koleo nimelificha."

Hakusogea. Nyuma yake watu walianza kunung'unika. "Nilitaka pia kukuomba jambo. Lakini najua nilikaa siku ile, na huwezi kuwa umesahau. Nangojea. Kioo hungoja masika mazima ndipo kiaminiwe. Na mimi nibandike, ungoje masika yajayo, ukiona nimebaki mzima ndipo nikuombe unioe, yaani nikuoe, yaani..."

"Masika mazima?" Shangazi akadakia. "Nitakuwa nimeshazikwa."

Binti Tanuri alifuta unga mikononi kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja, foleni yote ikisubiri. Alikuwa bado na hasira naye kidogo, na alijua ataendelea kuwa nayo mara kwa mara maisha yake yote.

"Kile cha nyuma ya kabati," akasema, "kimeshamaliza masika. Na teke langu juu." Akampa mkate wa moto. "Kinatosha. Sasa sogea, watu wana njaa."