Nirudishe Mimi Kwanza

“Chukua skonzi zako.”

Mpima wa viwanja aliutua mfuko wa karatasi juu ya mizani ya dukani, na mshale ukaruka. Ilikuwa saa moja asubuhi. Foleni ya wanaosubiri mkate wa moto imefika mlangoni, na mwokaji mwenyewe yuko nyuma ya kaunta, unga umempanda hadi kwenye viwiko.

“Hujazigusa hata moja?”

“Sijazigusa, na usinitumie tena ofisini. Za jana nimegawa. Za juzi nimegawa. Za wiki saba zote nimegawa.”

“Zina kasoro gani?”

“Nitazame hapa.” Alisogeza kilemba nyuma, akaweka kidole katikati ya paji la uso. “Unaona nini?”

Mwokaji alitazama. Tangu wapendane, miaka miwili sasa, paji lile halikuwahi kukosa chunusi. Nyingine zilikuwa nyekundu, nyingine zimeiva, nyingine zimekwisha na kuacha madoa. Leo lilikuwa safi.

“Sioni kitu. Hongera sana.”

“Hongera ni yangu kweli. Wiki saba sijala chako, na wiki saba hujanishika uso kwa hiyo mikono ya unga. Dada alinieleza tangu zamani kwamba tatizo ni wewe, nikambishia. Sasa uso umejibu wenyewe.”

“Kumbe zile kazi nyingi ulizokuwa ukisingizia...”

“Nilikuwa nakukwepa. Ndiyo. Na wazee wako waambie wasije mwezi ujao. Posa isubiri kwanza.”

Akageuka, akatoka, buti zake za kazini zikigonga sakafu. Mwanamke mmoja kwenye foleni, aliyekuwa ameshika skonzi nne, alizirudisha kwenye trei taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeogopa kuonekana.

Sasa, mnamwelewa huyu mwokaji? Huyu ni mtu aliyejijenga mwenyewe, kuanzia kukodi oveni ya jirani mpaka kuweka jina lake ukutani. Mkate ukiwa mdogo kwa gramu kumi hauuzi, anaula mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mbele ya wateja kwamba mikono yake inaharibu watu nyuso, umemvua nguo. Wengine wangeruka kaunta wakamkimbilia mpenzi wao barabarani. Yeye alinawa mikono, akaupima ule mfuko, akaona haujapungua hata skonzi moja, akaendelea kuhudumia watu.

“Anayefuata!”

Lakini moyo wake ulikuwa unamuuma, na asiwadanganye mtu.

Mchana, duka lilipotulia, alipiga simu.

“Nina swali moja tu,” alisema. “Sikupigii kukubembeleza.”

“Uliza.” Nyuma ya sauti ya Mpima upepo ulivuma. Alikuwa kiwanjani na vyombo vyake vya kupimia, jua la saa nane kichwani, kofia ngumu imembana.

“Uso ulisafika baada ya kuacha vyangu. Uliacha vyangu tu?”

“Hapana. Nilikwenda kliniki ya ngozi. Muuguzi akaniambia chunusi si uchafu, niache kujisugua kama sufuria. Ninawe kwa upole asubuhi na jioni, na nikitoka kwenye jasho la kofia. Nisitumbue. Nibadili foronya mara kwa mara. Halafu akanipa daftari niandike kila ninachokula na kila ninachojipaka. Akasema ngozi za watu hazifanani, kinachomsumbua huyu kwa yule hakina neno. Tuangalie mazoea kwanza, dawa baadaye kama itahitajika.”

“Daftari unalo hapo?”

“Liko mfukoni.”

“Nisomee siku ya kwanza.”

Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

“Jumatatu. Kuanzia leo nimeacha: moja, soda. Mbili, skonzi. Tatu, maziwa. Nne, mafuta ya nywele ya dada. Tano...”

“Tano nini?”

“Tano, wewe.”

“Umeniandika kwenye daftari la muuguzi?”

“Dada ndiye aliyesema nikuandike.”

Mwokaji alicheka kwa hasira. “Vitu vitano. Siku moja.”

“Ndiyo, na vimefanya kazi!”

“Kipi kimefanya kazi?”

Karatasi zilisikika tena zikifunuliwa.

“Niambie wewe mtaalamu. Mpaka wa shamba ukigombaniwa, unang’oa vigingi vitano kwa mpigo, halafu unasema umejua kipi kilikuwa kimekaa vibaya?”

“Hapana,” alisema polepole. “Kimoja kimoja.”

“Na mimi mkate ukikataa kuumuka, sibadili hamira na unga na maji na moto kwa siku moja. Nikifanya hivyo nitapata mkate mzuri na sitajua kwa nini. Nawe hicho ndicho ulichofanya. Halafu ukachagua mkosaji mmoja katika watano, ukaja kumhukumu mbele ya foleni.”

“Unataka nini sasa?”

“Nirudishe mimi kwanza. Mimi peke yangu. Bila skonzi, bila soda, bila chochote. Wiki tatu. Uso ukichafuka, nitawaambia wazee wangu mwenyewe kwamba safari imekufa, na hutaniona tena mlangoni kwako.”

“Na usipochafuka?”

“Utarudisha vingine, kimoja kimoja, mpaka mkosaji ajulikane. Ukishamjua, njia ya dukani unaifahamu. Uje saa moja asubuhi, useme mbele ya watu, kama ulivyosema leo.”

Upepo ulivuma. Kisha Mpima akasema, “Una majivuno wewe!”

“Ninayo. Wiki tatu?”

“Wiki tatu.”

Basi wakaanza kuonana tena, kwa masharti. Jioni Mpima akitoka kazini walitembea, wakakaa kwenye benchi la nje ya duka, Mpima akila karanga na tunda. Mwokaji alimshika shavu kwa makusudi mazima, kama mtu aliye mahakamani na ana hakika ya kesi yake.

Siku ya nne ujumbe ukaingia:

“Uso safi. Jana ulinishika shavu mara tatu, nimeandika.”

“Mara nne. Andika vizuri, hii ni kazi ya kitaalamu.”

Siku ya kumi na mbili:

“Uso safi. Dada anasema nisubiri tu, uso utanilipuka.”

“Mwambie nami nasubiri.”

Siku ya ishirini na moja aliandika maneno mawili tu: “Hakuna kipya.” Mwokaji aliusoma ujumbe huo mara sita, akauficha uso wake kwenye aproni ili wafanyakazi wasimwone anavyotabasamu. Hata hivyo hakusema kitu. Mkosaji alikuwa bado hajajulikana.

Zikaja skonzi, moja kila siku kwa wiki tatu. Kipele kimoja kidogo kidevuni, kikaja kikaondoka. Yakaja maziwa, hayakufanya lolote. Ikaja soda, zile chupa mbili za kila siku alizozoea kunywa juani, na kidevu kikaota vipele vitatu kwa mkupuo.

“Soda umeiona?” mwokaji aliuliza.

“Nimeiona. Kumbe na zile skonzi tatu tatu zako, nikijumlisha na hizo chupa, ilikuwa sukari mtindo mmoja. Lakini hii ya kidevuni ni ndogo. Lile paji la uso lililokuwa linanifanya nivae kilemba hadi kwenye nyusi, hilo bado halijajibu.”

“Kimebaki kimoja.”

“Mafuta ya dada.” Mpima alishusha sauti. “Hayawezi kuwa yenyewe. Anayachanganya kwa mikono yake. Dada ndiye aliyenilea tangu mama afariki.”

“Usimtetee na usimhukumu. Rudisha, uandike.”

Soda akaiacha tena, kidevu kikatulia, akarudi kwenye kiti cha saluni ya dada yake. Dada alifurahi, akayachota mafuta mazito yanayonukia, akayasugua kwenye nywele zote za mbele hadi yakang’aa kwenye nyusi. Wiki ya pili zikaja chunusi mbili. Wiki ya tatu paji lote likaiva, nyekundu, linauma chini ya mkanda wa kofia ngumu, na Mpima akampigia simu mpenzi wake saa nne asubuhi Jumamosi.

“Njoo saluni. Sitaki kwenda peke yangu.”

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, na makopo ya mafuta yale yamepangwa kuanzia dirishani hadi mlangoni, kila kopo na picha ya dada akitabasamu. Dada alikuwa anasuka mteja. Alipouona uso wa mdogo wake hakushtuka. Alimtazama mwokaji.

“Si nilikwambia? Umemrudia, na chunusi zimekurudia.”

“Dada, yeye amerudi miezi mitatu na nusu sasa,” Mpima alisema. “Kila siku. Paji halikuota hata kimoja. Wiki hizi tatu nimerudisha kitu kimoja tu.” Akachukua kopo moja, akaliweka kwenye meza ya vitana. “Hiki.”

“Hayo ni mafuta mazuri, watu wananiletea oda kutoka mbali!”

Mteja aliyekuwa anasukwa aliinua kichwa. Yule mama hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

“Mazuri ni mazuri,” alisema, “ila si hutakiwi kuyaleta mbele karibu na uso? Mimi alinikataza tangu mwaka jana, nilipotokwa na vipele paji zima. Aliniambia, mama, wewe paka kisogoni tu.”

Mikono ya dada ilisimama kwenye nywele.

“Ulijua,” Mpima alisema.

“Si kila mtu yanamdhuru...”

“Mimi nakuuliza kuhusu mimi. Ulinipaka hadi kwenye nyusi, na ulijua!”

“Mwanzoni sikujua! Nilipokuja kujua, ulikuwa umeshaonekana na huo uso wako mtaa mzima. Ningesema ni mafuta, nani angenunua? Mafuta ndiyo yaliyokusomesha wewe.” Dada alikiweka kitana mezani. “Yeye ana mikate yake. Nikaona akilaumiwa yeye hapungukiwi na kitu.”

“Alikuwa anipoteze mimi!”

“Na mimi nilitaka upate mtu wa kuvaa koti na tai, si mtu wa kushinda motoni. Basi, nimesema.”

Wote wakamgeukia mwokaji. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, na alikuwa na haki nayo yote.

“Shemeji,” alisema, “mimi navaa aproni. Inafuliwa kila siku. Na kosa langu la mkate nalila mwenyewe, simtwishi mtu.” Akaliinua kopo, akasoma maandishi yake, akalirudisha mahali pake kwa heshima. “Mafuta yako ni mazuri. Andika kwenye kopo yasifike usoni, utauza vilevile.”

Dada alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Mpima alimwendea, akamshika mabega, lakini hakumwambia kwamba si kitu. Ilikuwa kitu, na wote walijua.

“Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia leo,” alimwambia, “saa moja asubuhi, utakuja nami mahali.”

Jumatatu hiyo foleni ilikuwa imefika mlangoni kama kawaida. Mwokaji alikuwa anatoa trei ya pili, akasikia buti zinagonga sakafu, akajua ni nani kabla hajainua macho.

Mpima alikuja hadi mbele ya kaunta. Hakuvaa kilemba. Nywele zake alikuwa amezifunga nyuma, kavu, na paji lake lilikuwa wazi, lina madoa ya zamani, na lina kipele kimoja kipya pembeni ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi. Dada yake alisimama nyuma yake, mikono ameifumbata.

“Samahanini kwa kuwachelewesha kazini,” aliiambia foleni. “Miezi minne iliyopita nilisimama hapa nikasema uongo bila kujua kuwa ni uongo. Leo nina karatasi.”

Akafungua daftari.

“Kilichorudishwa cha kwanza: yeye. Wiki tatu, peke yake. Uso, hakuna kipya. Usingizi, mzuri. Kazi, nimemaliza viwanja kumi na kimoja, sijawahi kufikisha hivyo. Kucheka, kila siku. Cha pili: skonzi. Moja haina neno, tatu ni ulafi wangu. Maziwa, hayana kosa. Soda, nimeachana nayo kwa heshima. Cha tano...”

“Cha tano nitasema mimi,” dada alimkatiza. “Cha tano ni mafuta yangu. Huyu bwana nilimsingizia. Makopo mapya yana onyo, na nimeliandika kwa mkono wangu.”

Foleni ilinguruma. Yule mwanamke aliyerudisha skonzi siku ile alikuwepo, akachukua sita.

“Umemaliza?” mwokaji aliuliza. Alijitahidi kuikunja sura, ikamshinda.

“Bado. Kuna mstari wa mwisho.” Mpima alisoma bila kuinua macho. “Namba tano wa orodha ya kwanza nilimwacha bila kumpima. Namrudisha moja kwa moja. Wazee wake waje Jumapili.”

Mtu mmoja nyuma alipiga vigelegele. Mwokaji alifuta mikono kwenye aproni, akazunguka kaunta, akasimama mbele ya mwanamke wake, akamshika uso wote kwa viganja viwili, mbele ya watu. Alipomwachia, Mpima alikuwa na alama za unga kwenye mashavu yote mawili. Dada alitoa kitambaa haraka ampanguse.

“Ziache,” Mpima alisema. “Nakwenda nazo kazini.”

Akachukua skonzi moja kwenye trei, moja tu, akatoka nayo akiila.