Marahaba Bila Shikamoo

Asubuhi ile mdogo wake hakumwamkia. Alimwitikia.

Dada wa Seva alikuwa jikoni, mgongo kaupa mlango, anamimina chai. Hajafungua kinywa hata kwa mwayo, akasikia sauti nzito nyuma yake ikisema, "Marahaba."

Akageuka. Ni Kipisi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyebandikwa jina hilo kwa ajili ya ufupi wake. Kasimama mlangoni na ovaroli lake jipya.

"Marahaba ya nani? Nani kakuamkia wewe?" Dada akamcheka. "Umekuwa babu yangu lini?"

Kipisi hakucheka. Alichukua kikombe, chai inafuka mvuke, akaigida yote kwa mkupuo mmoja, akatoka zake. Jikoni ikabaki harufu ya ugoro. Sasa niambie wewe, Kipisi na ugoro wapi na wapi? Kijana ambaye hata moshi wa sigara ya jirani humtia chafya!

Hapo angeshtuka, lakini hakushtuka. Furaha ya kazi mpya ilimziba macho. Wazazi walikwisha fariki, wamebaki wao wawili. Dada alimlea Kipisi mwenyewe, akambeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamkimbiza hospitali mara zisizo na idadi. Ukimtoa mama yao mdogo, mtu mwingine wa kumwita wake hakuwa naye. Na hiyo kazi ya kwenye msumeno mkubwa ni yeye aliyemtafutia.

Kiwanda kilikuwa cha mbao. Dada alikaa juu, kwenye chumba cha vioo, ambako ukitupa jicho chini unaona mashine zote. Kazi yake ilikuwa kuitunza seva, kompyuta kuu ya kiwanda. Ndani ya seva kila mfanyakazi aliandikiwa ingizo lake: jina, kadi, milango anayoruhusiwa kupita, mashine anayoruhusiwa kuwasha. Ukigusisha kadi kwenye msumeno, msumeno unaiuliza seva, huyu tunamjua? Seva ikikubali, meno yanazunguka. Wenzake wa ofisi nyingine walipenda kubofyabofya vitufe vya rangi, ila yeye alipenda lile dirisha jeusi la kwenye kompyuta. Unaandika amri kwa mkono wako, unabonyeza, kwisha. Alijisifu kwa hilo mpaka watu wakamchoka.

Msumeno mkubwa ulikuwa wa Mzee Msumeno, mla ugoro mmoja mkali, tena kiti cha jini, yaani mtu anayekaliwa na jini, kiwanda kizima kikijua. Akipandisha, watu hukaa mbali naye. Kisha siku moja msumeno ukampasua kuanzia begani. Alipokwisha zikwa, bosi akapanda kwenye chumba cha vioo.

"Usihangaike kumwandikia dogo ingizo jipya," akasema. "Chukua la marehemu. Ruhusa zote zimo. Badilisha jina tu, jioni hii hii."

Dada akakaa kwenye dirisha lake jeusi, simu kaibana begani, anazozana na fundi bomba aliyemwachia bafu linavuja. Na kwa ule ugomvi, pale pa kuandika amri ya kubadilisha jina, akaandika ya kuongeza jina. Seva haina habari na moyo wako. Ilijibu imekubali. Dada akafunga, akaenda kugombana vizuri.

Basi, turudi siku ile ya chai. Saa nne hivi, Dada akausikia mlio wa msumeno umebadilika. Haukuwa mlio wa meno yanayokula mbao. Ulikuwa unaguna. Harufu ya mbao iliyoungua ikapanda hadi juu, na ndani yake ugoro. Akasogea kwenye kioo.

Chini, nyapara alikuwa anapiga kelele, redio ya mkononi inaning'inia kifuani. "Kipisi! Punguza mwendo, unaunguza mbao! Kiziwi wewe?"

Kipisi akamshika kifundo cha mkono. Nyapara ni pande la mtu, Kipisi anamfika kwapani, lakini nyapara aliburuzwa kama gunia. Akapiga ukelele ambao Dada aliusikia kupitia kioo, na msumeno ukapita, na vidole vya nyapara vikaruka kwenye rundo la vumbi la mbao. Damu ikachora mstari ukutani. Kipisi akamwinua kwa ukosi, akambamiza kwenye nguzo, akambamiza tena, mfupa ukalia, redio ikadondoka.

Watu wakakimbilia milangoni. Kadi zikagoma. Mlango huu umekataa, ule umekataa, watu wanapondana, wanaita mama zao. Katikati ya vurugu hiyo Kipisi akainua uso kwenye chumba cha vioo, akamtazama dada yake, midomo ikatamka taratibu neno lile lile la asubuhi.

"Mungu wangu," Dada akasema. "Huyu siye."

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mama yao mdogo, mpishi wa kantini, ambaye mbali na sufuria zake alijulikana kwa kupunga majini. Alitoka na jagi la maji, aproni imejaa unga, akaokota redio ya nyapara kwenye damu, akabonyeza ili Dada asikie kwenye redio ya mezani kwake huko juu.

"Wewe nani?" akauliza.

"Mwenye kiti." Sauti ilitoka kwa Kipisi, lakini koo halikuwa lake.

"Kiti chako kimekufa. Tumekizika sote."

"Kilinichoka. Kilitaka kunitoa. Nikakilaza hapa." Akaipigapiga meza ya msumeno, kwa upole. "Mmezika mwili. Jina hamkulizika."

"Na huyu mtoto? Nani kakupa ruhusa ya kumwingia?"

Jini akacheka. "Sikuingia, mpishi. Niliongezwa." Akanyoosha kidole juu, kwenye vioo.

Dada akakimbilia dirisha lake jeusi, akaliita lile ingizo. Majina yalikuwa mawili. La marehemu juu, la mdogo wake chini. Mwili mmoja, wenyewe wawili, na aliyewaandika ni yeye.

"Mama mdogo," akanong'ona kwenye redio, "ni mimi. Ni mimi nimemwongeza."

"Basi ni wewe wa kumtoa! Maji yangu hayamfai aliyeandikwa. Jina ndiyo kamba yake, livute hilo. Jini asiye na jina, akiwahi kuingia, sina pa kumshika, na wewe huna. Fanya upesi, mwanangu, anamlaza!"

Dada akatupa jicho chini, na kweli, Kipisi alikuwa anajilaza mwenyewe kwenye meza, shavu juu ya ubao, mikono inamsukuma mbele huku miguu, ile miguu mifupi aliyoifundisha kutembea, inapigapiga hewani kutaka kurudi, na mama mdogo kamng'ang'ania ovaroli anavutwa naye, maji yamemwagika, meno yanazunguka, unywele wa kwanza unakatika, na Dada kainamia herufi, anaandika ni ingizo la nani, anaandika futa, anaandika jina, na chini ya hapo ilitakiwa aandike ni jina lipi kati ya yale mawili, lakini alisikia ukelele, sauti ya Kipisi mwenyewe sasa, "Dadaaa!", na mkono ukabonyeza.

Seva ikajibu imekubali.

Msumeno ukazima. Kipisi akaporomoka sakafuni kama nguo iliyokatika kamba. Sikio lake la kushoto lilibaki mezani.

Mama mdogo akamgeuza, akamfunua jicho, akalitazama kwa muda. Kisha akaleta redio mdomoni, na mara hii ni yeye aliyenong'ona.

"Umemfuta nani?"

Dada akasoma alichokiandika. Amri ya kufuta jina isiyosema jina lipi hufuta yote. Alilijua hilo. Alikuwa anawafundisha wengine.

"Wote," akasema. "Mama mdogo, nimewafuta wote."

"Kiti kiko wazi! Mrudishe! Mrudishe kabla hajatangulia mwingine!"

Loo! Alilia huku anaandika. Mara hii kuongeza ndilo lililokuwa neno sahihi. Akaliandika jina la mdogo wake herufi kwa herufi, kama anavyolitamka mtu anayemwamsha mtoto, akalisoma, akalisoma tena, akabonyeza. Imekubali.

Chini, Kipisi akavuta pumzi moja ndefu, akajikunja, akatapika vumbi la mbao lililochanganyika na damu.

Dada hakusimama bado. Makosa mawili yalikwisha mfundisha. Akaliita ingizo tena, akalikagua toka juu hadi chini. Jina lilikuwa moja tu, la Kipisi. La marehemu halikuwepo popote. Ndipo akatupa kiti, akateremka ngazi mbio. Milango ilikuwa inafunguka yenyewe mbele yake.

Akamkuta kakaa sakafuni, mama mdogo kambana aproni pale palipokuwa na sikio. Macho yake yalikuwa yake, mekundu, yamejaa machozi, yanaona haya kama alipokuwa akivunja sahani utotoni. Mama mdogo akaitikia kwa kichwa kwamba ni yeye.

"Niamkie," Dada akasema. "Kipisi, niamkie nikusikie."

Kijana akajilamba vumbi mdomoni. "Shikamoo, dada."

Ilikuwa sauti yake, ile ile nyembamba ya kila asubuhi. Dada akamwangukia, akamkumbatia kwa nguvu zote, sikio lake kalilaza kifuani kwa mdogo wake asikie moyo unapiga. Ulikuwa unapiga. Akafungua kinywa amwitikie.

Aliwahiwa. Sauti nzito ilijibu kutoka humo humo kifuani, chini ya sikio lake.

"Marahaba."