Niliandika Umri Wangu, Damu Ilikuwa ya Mama

Nina miaka ishirini na tisa, mtalaka, nakaa Michenzani kwenye fleti aliyoniachia mama. Simu ninayoandikia mkasa huu ndiyo ile ile iliyoniponza. Kila siku nasema nitaitupa... kila siku naishika tena.

Mama alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani. Hedhi ilishamkoma zamani. Asubuhi moja aliniita chumbani akafunga mlango, ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Damu imenirudia, mwanangu," alisema. "Nnaona haya hata kukwambia. Hebu niulizie humo kwenye simu, nisali au nisisali? Lakini usinitaje."

Mnaona? Hakuuliza kama anaumwa. Aliuliza sala!

Nilikuwa kwenye kundi la wanawake la ushauri wa afya. Nusu yao wananijua, na mama wanamjua. Ningeandikaje? Nikaandika kwamba ni mimi, kwa umri wangu, damu ilikoma na sasa imerudi. Nilijiona mwerevu kweli, namsitiri mzazi wangu.

Majibu yakamiminika. Homoni hizo, shoga. Punguza mawazo. Kunywa maji ya mdalasini. Hedhi imevurugika tu, acha sala mpaka ikatike. Kisha muuguzi mmoja akaandika kwamba kwa umri wangu nisubiri mwezi ujao, lakini angekuwa mtu mzima ambaye hedhi ilishamkoma, angemwambia aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nilisoma mara tatu. Nisahihishe? Niseme nimedanganya, mbele ya wote wale? Si watajua papo hapo ni nani!

"Wanasemaje wenzio?" mama aliuliza.

"Kawaida tu, mama. Usisali mpaka ikatike."

Akakunja mswala wake. Mama ambaye hata akiwa na homa hakupitwa na alfajiri! Damu ikakatika, ikarudi, ikakatika, ikarudi... miezi mitano. Kila nilipomwona kakaa kitandani huku adhana inaita, niliingia tena mtandaoni. Nilikuwa natafuta nini? Ruhusa ya kunyamaza.

Siku alipoanguka jikoni ndipo tulipokwenda hospitali. Daktari akauliza kwa nini hakuletwa mapema. Kabla sijafungua mdomo, mama akanitetea. "Huyu hana kosa. Aliniulizia siku ile ile."

Ilikuwa saratani ya kizazi, na ilishasambaa.

Mwalimu mwenzake alipokuja kumtazama alimwambia kwamba damu ya maradhi haizuii sala. Mama akanigeukia. "Labda hao waliokujibu hawakufahamu," alisema kwa upole. Akaanza kuzilipa sala zilizompita, kalala vile vile, midomo ikicheza. Hakuzimaliza.

Ndugu zangu, wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha ya mwingine! Msiilaumu simu, ilijibu nilichouliza. Ukimwulizia mzazi wako, sema umri wake na hali yake kama ilivyo. Ukiona haya, basi iweke chini simu, vaa buibui lako, mpeleke akaonane na daktari. Nakuombeni, haya haijamponya mtu.

Baada ya yule mwalimu kuondoka, mama aliishi siku kumi na moja. Nilimlisha, nilimwosha, nilimgeuza. Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia ukweli... akafariki akiamini wenzangu ndio waliokosea.