Maji ya Moto Kando ya Ziwa Tamda

Yaliyompata shemeji yangu Basu, mume wa dada yangu Tuda, nayajua kwa njia mbili. Kwanza amenisimulia mwenyewe. Pili, ripoti ya safari ile niliipiga chapa mimi, kwa kuwa ndimi karani wa tarafa yetu ya milimani. Ripoti ina kurasa nne na haisemi kitu.

Ilikuwa Jumanne, mwezi Juni, anga safi. Serikali ilikuwa imegundua kwamba Ziwa Tamda, lililoko juu kabisa theluji inakoishia, limekaa karne zote hizo bila faili. Akatumwa ofisa kutoka Rabat, Si Abdelilah, yaani Bwana Abdelilah, mtu mnene, mpole, mwenye fomu kumi na moja. Basu akampakilia mizigo kwenye nyumbu, wakaanza kupanda alfajiri. Kila kona Si Abdelilah alisimama, akidai anatazama mandhari. Basu akamwambia kwa mwendo huo mandhari itazeeka kabla hawajafika.

Walifika adhuhuri. Ziwa limekaa ndani ya bakuli la miamba. Njia ya kuingia ni upenyo mmoja mwembamba, na ya kutoka ni huo huo.

Basu akakoka moto wa chai. Kwetu majani husuuzwa kwanza, na maji ya kusuuzia humwagwa chini yakiwa bado yanachemka. Lakini hakuna amwagaye maji ya moto ardhini bila kutamka bismillahi, ili wasioonekana waliopo hapo wapishe. Hata watoto wanajua. Basu amefanya hivyo tangu alipoweza kuinua birika.

Siku hiyo Si Abdelilah alikuwa kwenye fomu ya nne. Akauliza kondoo wangapi hunywa hapa wakati wa kiangazi. Basu akainamisha birika, na kinywa chake, badala ya bismillahi, kikasema, "Mia tatu na arobaini."

Maji yakaangukia jiwe. Palepale ikasikika pumzi ikivutwa, kama ya mtoto aliyeumia anayejiandaa kulia.

Kilio hakikuja.

Basu akatamka bismillahi mara tatu, kwa kuchelewa. Si Abdelilah hakuwa amesikia lolote. Alilalamika tu kwamba fomu saba zimebaki. Basu akafunga mizigo, chai haijanywewa.

Wakaingia kwenye upenyo. Si Abdelilah mbele, nyumbu katikati, Basu nyuma ameshika mkia. Akainamisha kichwa kupita chini ya mwamba. Alipokiinua, aliona maji ya ziwa mbele yake, na moto wake ukifuka moshi. Yuko peke yake. Mkononi ana nywele tatu za mkia.

Akarudi kwenye upenyo. Akahesabu hatua. Ya arobaini ilikanyaga maji.

Akapanda genge la miamba kwa mikono, kucha zikapasuka. Kule juu aliposhika ukingo na kujivuta, alishika majivu ya moto wake.

Akaswali adhuhuri. Akasubiri alasiri. Alasiri haikuja. Kivuli chake kilibaki chini ya nyayo, hakisogei.

Kule nje, Si Abdelilah alikuwa amefika zizi la kwanza la wachungaji alipogeuka akaona nyumbu bila mtu. Mwingine angekimbilia kijijini. Yeye alirudi, kwa sababu, aliniambia baadaye, kwenye daftari la kituo cha askari waliandikwa wawili. Nimefanya kazi na maofisa miaka ishirini. Huyo peke yake ndiye niliyemwona akificha ujasiri ndani ya utaratibu.

Aliingia bila kizuizi. Akamkuta Basu amekaa akilitazama jiwe.

"Nenda, Si Abdelilah," Basu alinong'ona. "Wewe wamekuachia. Wananitaka mimi."

"Akina nani?"

"Usiulize. Wala usiandike."

"Inuka, bwana. Nilikuja na wewe."

Akamshika mkono, wakaingia kwenye upenyo wameshikana. Si Abdelilah akatokea upande wa pili kiganja kikiwa kitupu, bado kina joto la mwenzake. Akarudi tena. Safari hii hakuwa na kalamu.

Ndipo sauti ya mwanamke ikaja, nyuma ya sikio la Basu, kwa Kitamazighti, lugha ya bibi zetu.

"Mwanangu ameungua. Huondoki mpaka apone."

Basu alikuwa na siagi, lakini siagi yetu ina chumvi, na chumvi kwa watu wale ni kama kaa la moto. Si Abdelilah akafungua kisanduku cha dawa alichopewa ofisini. Mlikuwa na bomba moja la mafuta ya majeraha ya moto, lililopita muda wake miaka minne.

Basu akayakamulia kiganjani. Akanyoosha mkono juu ya jiwe.

Kitu kikamshika kidole. Kidogo. Cha moto, kama mkate uliotoka tanuri.

Akapaka. Vidole. Kifundo. Kiwiko. Bega. Hakuona kitu. Bomba likaisha.

Kivuli chake kikasogea.

Walitoka. Basu alitembea ameinama mgongo, akidhani ni uchovu. Si Abdelilah alikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakusimama kupumzika hata mara moja. Kijijini alikataa chakula. Alimwita Tuda pembeni. "Dada, joho la mumeo lianike nje," alinong'ona. "Usiliingize ndani."

Kwenye ripoti, penye sababu ya kuchelewa, aliandika: ukungu. Mkoa mzima haukuwa na wingu siku tisa. Wakuu waliipokea, wakairudisha kwa kukosa kina cha ziwa.

Joho lile la sufu lina alama mgongoni, mahali mtoto aliyebebwa hushikilia. Viganja viwili vya mafuta. Tuda hulifua kila Alhamisi, na Ijumaa viko palepale. Mwaka ule vilikuwa vidogo kama vya mtoto anayetambaa.

Wiki iliyopita Tuda aliweka kiganja chake juu ya kimojawapo. Vikalingana.