Mtungi Alioupaka Rangi Shemeji

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Mume alikata vitambaa, mke alishona. Majirani walimwita mke Mama Pindo, maana pindo zake hazikufumuka kamwe. Karibu na mlango ulining'inia mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Mama Pindo alizoea kutundika utepe wake wa kupimia juu yake.

Kila mwaka mdogo wa mumewe alikuja kuuhudumia. Aliutikisa, akaufuta vumbi, akaupaka rangi, akabandika stika mpya. Kisha akavuta kigoda, akala nao chakula cha mchana.

"Shemeji," alisema, "mtungi huu una afya kuliko mumeo."

Wakacheka. Leseni hawakumwuliza. Nani amdai ndugu yake leseni? Ingekuwa kama kumtukana.

Siku moja umeme ulikatika Mama Pindo akipiga pasi. Akaiacha pasi juu ya kitambaa, akatoka uani kuanua nguo. Umeme ukarudi. Aliponusa moshi, meza ilikuwa inawaka.

Mume alichomoa pini, akabana mpini wa mtungi. Mtungi ukakohoa kidogo, ukanyamaza. Basi akaupiga moto kwa mikono yake, mpaka majirani walipofika na mchanga.

Nyumba ilipona. Mkono wake wa kulia haukupona. Vidole vilikakamaa, mkasi haukushikika tena.

Akaja mkaguzi wa zimamoto, mama mmoja mpole. Aliufungua mtungi. Unga wa ndani ulikuwa umeganda kama jiwe. Akawaeleza polepole kwamba serikali huwapima mafundi wa mitungi, ikawapa leseni, ikafuatilia kazi zao. Asiye na leseni hafuatiliwi na mtu. Wakiwa na shaka, waulize ofisi ya zimamoto, ni haki yao. Kisha akakwangua rangi, akawaonyesha kioo kidogo chenye mshale. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu: nguvu ya kusukuma unga ilikuwa imekwisha.

"Nani aliuhudumia?" akauliza.

Mume aliitazama bandeji yake. "Fundi wa kupita tu."

Mama Pindo alijua anafichwa nani. Damu nzito kuliko maji. Lakini alijua pia kwamba mitungi ya shule ya chekechea, nyuma ya ukuta wao, ilihudumiwa na mkono ule ule. Sauti za watoto zilimfikia pale alipokaa.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Na mitungi ya chekechea ni kazi yake."

Siku hiyo mume hakusema naye tena.

Mitungi ya chekechea ilikaguliwa jioni hiyo hiyo. Hata mmoja haukufanya kazi. Yote ikabadilishwa, na shemeji akapigwa marufuku kugusa mtungi wowote mpaka asomee kazi na kupata leseni.

Fundi mwingine alipowaletea mtungi mpya, mume ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Samahani, ndugu yangu. Tuone leseni kwanza."

Fundi hakukasirika. Aliitoa mfukoni. Kisha akawafundisha kusoma mshale: ukiwa kwenye kijani, mtungi uko tayari, ukishuka, waite fundi.

Sasa utepe una msumari wake. Mume anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto, na mstari bado unapinda. Kila asubuhi husimama kwanza mbele ya mtungi, akautazama mshale.

Saa ya chakula, kigoda cha shemeji hakina mtu. Nyuma ya ukuta, watoto wanaimba.