Bangili za Ghaliya

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Zahran bin Mhenna, mfua fedha wa Nizwa, alipomweleza dada yake Moza sikukuu ya Idi ya mwaka 1974. Moza alikataza isisemwe mbele ya watoto.

Ilianza kwa bunduki kunuka zafarani.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Musallam, jirani aliyefiwa na mke. Alitaka mtutu uvishwe fedha kabla ya harusi ya mwanawe, akaleta bangili za mkewe huyo, marehemu Ghaliya, aliyependa kujipaka zafarani.

"Jini wa mke wangu ndiye aliyezitaka, alipokuwa hai," alisema. "Ziyeyushe kwanza, bin Mhenna. Fedha ya maiti haivaliwi ikiwa na sura yake ya zamani."

"Nimezaliwa ndani ya moshi huu, sheikh. Unanifundisha kuyeyusha?"

Lakini nakshi ya bangili zile aliichonga marehemu baba yake Zahran: majani membamba kama kope za mtoto. Mkono wa Zahran haukuwahi kuifikia. Hakuziyeyusha. Alizikata, akazinyoosha kwa nyundo ya mbao, akazizungusha mtutuni. Kwa kipande kilichobaki alimfulia mkewe pete.

"Leo umenikumbuka," Rayya alimtania akiivaa. "Nilidhani umeoa bunduki."

Adhuhuri moja, mji umelala, Zahran alisikia bangili zikilia karakanani, taratibu, kama za mwanamke akandaye unga. Akaingia. Hapakuwa na mtu, ila mtutu uliokaa kivulini tangu asubuhi ulikuwa na joto, na alipoweka kiganja juu ya fedha alihisi chini yake kitu kikidunda, polepole, kama mshipa wa mtu aliye usingizini, na zafarani ikamjaa puani hata akakohoa, na nyuma yake, mlangoni, Rayya akauliza kwa sauti isiyokuwa yake, "Mkono wangu umeuweka wapi?"

Mwalimu Sinan, mganga wa mtaa, aliitwa kabla ya alasiri.

"Uliziyeyusha?" alinong'ona.

"Nilizikata tu," Zahran akakiri.

"Washa moto."

Zahran akaibandua fedha yote mtutuni, akaitia chunguni, akatazama majani ya baba yake yakilegea, yakizama. Harufu ikakata.

"Ndiyo yote?" mwalimu akauliza.

Zahran akageuka kumtazama mkewe. Rayya alikuwa amekunja ngumi ya kushoto, yenye pete. Wakajaribu kuivua kwa mafuta, wakajaribu uzi, na hata tupa, lakini tupa iliteleza, maana fedha ilikwisha kuingia nyamani, na nyama ilikuwa imeota juu yake.

"Kikatwe kidole," mwalimu akasema chini chini.

Rayya akacheka kwa upole. "Kidole cha nini, mwalimu? Mie ninao mkono mzima sasa."

Musallam amekufa, na Mwalimu Sinan pia. Zahran aliwafuata, bila kushika nyundo tena tangu siku ile. Moza yu hai. Rayya naye yu hai: uso umekunjamana, mgongo umepinda, ila mkono wa kushoto bado ni wa bibi harusi.